Miaka Mitatu na Nusu Isiyo na Mwenyewe

Hotuba kwa baraza la madiwani wa halmashauri moja ya Nyanda za Juu Kusini, wakati wa maandalizi ya bajeti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, Mkurugenzi Mtendaji, wakuu wa divisheni na vitengo, watendaji wa kata mliokuja na makabrasha yenu: kamwene.

Ratiba inasema nizungumzie sera ya malezi na elimu ya awali. Mada hiyo ni pana, na mtu akiianza kwa upana wake hufika saa saba mchana bado yuko kwenye utangulizi. Nitaikata. Nataka tumzungumzie mtoto kuanzia mwezi wa 18 hadi asubuhi anayoshikwa mkono kupelekwa darasa la awali. Huyo ndiye bajeti yetu isiyemwona.

Chukueni kadi ya kliniki ya mtoto yeyote katika kata zenu, muisome kama mnavyosoma taarifa ya mapato na matumizi. Amezaliwa, kapata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mama amekwenda, chanjo zimejazwa. Miezi 9, surua na rubela. Miezi 18, surua na rubela mara ya pili. Katika miezi hiyo yote uzito umeandikwa, mstari unapanda au unayumba, lakini mstari upo. Baada ya hapo kadi inabaki nyeupe. Kadi yenyewe ina nafasi za kupima kila mwezi hadi mtoto atimize miaka 5, ila sindano zimekwisha, na mama haoni sababu ya kutembea saa mbili kwenda zahanati ili mtoto aning'inizwe kwenye mzani, aandikwe namba, arudishwe nyumbani. Mimi simlaumu. Tumemfundisha wenyewe kwamba kliniki maana yake ni sindano.

Mkutano unaofuata kati ya mtoto huyo na Serikali ni akiwa na miaka 5, mlangoni pa darasa la awali. Hapo katikati imepita miaka mitatu na nusu.

Si kwamba hakuna sera. Zipo, na ni nzuri. Serikali ilizindua mjini Dodoma, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile tunayoiita PJT-MMMAM mpaka ulimi unachoka. Iliandikwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, inamhusu mtoto tangu mimba hadi miaka 8, na inataka mambo matano yaende pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Neno lenye uzito pale ni "jumuishi". Sasa angalieni meza zetu. Chanjo iko kwa Mganga Mkuu. Lishe ina Afisa Lishe wake, ambaye mara nyingi hana gari. Kituo cha kulelea watoto mchana kiko kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Darasa la awali liko kwa Afisa Elimu Awali na Msingi. Uratibu wa programu nzima unawekwa kwa maendeleo au ustawi wa jamii. Mtoto ni mmoja, ofisi ni nne au tano, na kila ofisi inatoa taarifa kwa wizara yake. Ukiuliza katika kikao kama hiki, "watoto wa miaka 3 katika kata fulani wanashinda wapi mchana?", hakuna meza ambayo jibu ni kazi yake.

Mikoa hii ilishawahi kulijibu swali hilo, na ndiyo maana nimeona nije kulisemea hapa badala ya mahali pengine.

Mwaka 1983, Iringa ya wakati ule, ambayo ilikuwa na Njombe ndani yake kabla ya kugawanywa mwaka 2012, ilianza mpango wa lishe ulioungwa mkono na WHO na UNICEF. Ulianzia vijiji 168. Kila robo mwaka watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa kijijini, siyo zahanati. Matokeo hayakufungiwa kwenye daftari la muuguzi. Yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, kitongoji kwa kitongoji. Ikionekana kitongoji fulani kina watoto wengi wenye uzito mdogo, wanakijiji wanauliza kwa nini, wanaamua la kufanya, robo inayofuata wanapima tena. Pima, chambua, tenda. Palikuwa pia na vituo vya kulishia watoto wakati mama yuko shambani, vikiendeshwa na kijiji. Ndani ya miaka minne hivi utapiamlo mkali ulishuka kutoka karibu asilimia 6 ya watoto hadi karibu asilimia 2.

Kazi hiyo iliandikwa, ikasomwa duniani. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990, na ambao hadi leo unafundishwa vyuoni, ule unaosema kwamba mtoto hudhoofika kwa kukosa chakula, kwa kukosa huduma ya afya, na kwa kukosa matunzo, ulitokana kwa sehemu kubwa na yaliyoonekana katika vijiji hivi. Hilo la matunzo, yaani kwamba chakula kinaweza kuwepo ghalani na mtoto akadhoofu kwa sababu hakuna mtu mwenye muda wa kumlisha, wataalamu walilisikia kutoka kwa akina mama wa huku.

Leo je? Utafiti wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kitaifa ni asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5, umeshuka kutoka 34 ya utafiti wa 2015/16. Iringa imekutwa na asilimia 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Na Iringa haikushuka pamoja na taifa. Imepanda kutoka karibu 42. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji ya wengine.

Naomba tuelewane maana ya neno, kwa sababu udumavu hauonekani kwa macho kama tunavyodhani. Udumavu ni urefu usiolingana na umri. Mvulana aliyetimiza miaka 2, akipimwa amesimama akakutwa chini ya sentimita 81, amedumaa; kwa msichana mpaka ni sentimita 79 na milimita chache. Mtoto huyo anaweza kuwa mnene wa mashavu, anacheka, anakimbia. Amezoeleka kwa sababu wenzake wote mtaani wana urefu huohuo. Mzani peke yake haumwoni. Utepe wa mkono nao haumwoni: utepe unakamata ukondefu, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, 11.5 hadi 12.5 ni njano, zaidi ya hapo kijani, na mtoto mdumavu anaweza kupita kijani kila mwezi. Kinachomwona ni ubao wa kupimia urefu. Ulizeni zahanati zenu ni ngapi zinao, na kati ya hizo ni ngapi hazijaufanya rafu ya kuwekea mafaili.

Sababu. Wapo wanaopenda kusema ni ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ulanzi una mchango wake, sikatai, na msimu wake huangukia vibaya. Lakini tukiishia hapo tunakuwa tumepata wa kumlaumu na hatujapata cha kufanya. Tuhesabu saa na tuhesabu kikombe.

Mtoto wa kilo 8 ana tumbo linalobeba kama robo lita kwa mlo mmoja. Kikombe kimoja. Sasa uji mwepesi, ule wa kunyweka, una unga kama gramu 12 kwa kikombe hicho. Nguvu yake ni kama kalori 45. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na 2 anayeendelea kunyonya anahitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Kwa uji ule angehitaji vikombe 12. Anapewa viwili: alfajiri kabla mama hajaondoka, na jioni mama akirudi. Mchana yuko na dada yake wa miaka 7 au na bibi. Mikoa hii imeathirika na VVU kuliko mikoa mingine ya nchi, na vijana wake wengi wamekwenda kufanya kazi mijini, kwa hiyo bibi anayelea wajukuu watatu au wanne si jambo geni. Bibi huyo hana nguvu ya kuwasha moto mara nne kwa siku. Mama mwenyewe akishamaliza arobaini anarudi shambani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha anaporudi kazini. Anayelima shamba lake au kibarua cha palizi hana wa kumwomba ruhusa.

Ongeza unga kwenye kikombe kilekile hadi gramu 50, unapata kalori 180, na vikombe vitatu vinakaribia kutosha. Tatizo ni kwamba uji wa gramu 50 ni mzito kama ugali laini na mtoto mdogo hawezi kuumeza. Dawa yake ni kimea, na akina mama wanaopika pombe za asili wanakijua kuliko mimi. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unatandazwa gunia bichi siku mbili tatu hadi uchipue, unaanikwa, unasagwa. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo, koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea, subiri dakika chache: uji unalainika wenyewe bila kuongeza maji. Kisha urudishe jikoni uchemke tena kabla ya kumpa mtoto, maana kimea kimepitia unyevu na vumbi. Ukikitia uji ukiwa bado unachemka hakifanyi kazi, joto linakiua; wengi waliojaribu wakaacha walikosea hapo.

Na huu "unga wa lishe" wa nafaka saba unaouzwa masokoni, waheshimiwa, tuuseme. Kuchanganya mahindi, mchele, ngano, uwele, mtama na ulezi hakuongezi kitu cha maana; zote ni nafaka, zinatoa kitu kilekile. Chukua nafaka moja, sehemu tatu, na jamii ya kunde sehemu moja. Ukitumia soya, ichemshwe kwanza kama nusu saa, itolewe maganda, ikaushwe ndipo isagwe. Soya mbichi inazuia mwili usipate ile protini iliyofuatwa. Karanga zisisagwe pamoja na unga. Mafuta yake yanauharibu unga ndani ya wiki chache, na karanga pamoja na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu ndizo zinazobeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Zitwangwe siku ya kupika. Na kwa wenye maparachichi: robo ya tunda lililopondwa ndani ya kikombe inatosha kuongeza mafuta anayoyahitaji mtoto. Yanayokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya madoa ya ganda hayana kasoro kwa mtoto.

Sasa fedha, maana ndilo lililotuleta.

Tangu 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini mkataba wa lishe, na Septemba 2022 ulisainiwa mbele ya Rais. Kipimo kimojawapo ni halmashauri kutenga walau shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Halmashauri yenye watoto 30,000 itenge milioni 30. Kutenga si tatizo tena. Karibu kila halmashauri inatenga. Tatizo ni mwezi ambao fedha inatoka.

Tazameni kalenda yetu ya kilimo. Mvua inaanza mwishoni mwa Novemba. Desemba kupanda, Januari hadi Machi palizi. Huo ndio wakati mama yuko shambani tangu alfajiri, ghala limepungua, kuni zimelowa, kuhara kuko juu. Mtoto anadhoofu kati ya Desemba na Machi. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Mapato ya ndani hukusanywa taratibu, mambo ya dharura huchukua kwanza, na fedha ya lishe inapatikana Mei au Juni, wakati wa kufunga hesabu. Hapo mahindi yameshavunwa, mama yuko nyumbani, na kilichobaki ni kuitumia haraka. Fedha ya haraka huenda wapi? Semina, posho, mafuta ya gari, mabango. Taarifa inasema asilimia 95 imetumika, na ni kweli imetumika. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni la tarehe, siyo la kiasi: angalau nusu ya fedha hii itoke kabla ya tarehe 30 Novemba. Kwa halmashauri zinazolima viazi na mahindi, ushuru wa mazao huingia Julai hadi Oktoba. Uwezekano upo, kinachotakiwa ni Kamati ya Fedha kuiandika kwenye mpango wa mtiririko wa fedha kwa jina lake, isichanganywe na "shughuli nyinginezo za afya".

Inunue nini? Mbao za kupimia urefu kwanza, kisha mizani na tepe za mkono, kisha nauli na posho ndogo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaosimamia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao 137,294 nchini ndani ya miaka mitano. Kata ambayo bado haijawapata isisubiri. Sehemu inayobaki iende kwenye vituo vya watoto vya msimu, na hapa nitakaa kidogo.

Kituo cha jamii cha watoto wa miaka 2 hadi 4 hakihitaji jengo jipya. Neno "kituo" linatuponza. Diwani akilisikia anawaza tofali, bati, sherehe ya ufunguzi. Kijiji kina ofisi, kina ghala lililo tupu kuanzia Januari, kina jengo la kanisa au msikiti lisilotumika Jumatatu hadi Ijumaa. Chumba cha mita 6 kwa 7 kinatosha watoto 25. Kinachohitajika: mikeka, siyo madawati, ndoo mbili zenye koki za kunawia na sabuni, choo chenye tundu dogo ambalo mtoto wa miaka 3 haogopi kutumbukia, au poti zinazomwagwa, sufuria ya lita 20, vikombe 30, sehemu ya kulala iliyo kavu, uzio, hata wa mianzi, kwa sababu hatari kubwa ya kwanza ni barabara na ya pili ni moto. Jiko liwe nje ya uzio. Walezi wawili wa kudumu na mama mmoja wa zamu kila siku, kwa mzunguko wa wazazi. Watoto wa miaka 2 wasizidi 8 au 9 kwa kila mlezi.

Vifaa vya kuchezea vitoke kijijini: magunzi, vibuyu, mchanga, vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, maboksi, matambara ya kutengenezea mipira. Kokoto, mbegu na vifuniko vya chupa viwe vya watoto waliopita miaka 3 na chini ya jicho la mlezi. Mdogo wa hapo huvimeza au huviingiza puani. Kuongea na watoto ndiyo kazi yenyewe. Mlezi amwite mtoto kwa jina, amjibu anapouliza, amwimbie, amtolee vitendawili na hadithi. Kwa lugha gani? Ya nyumbani kwanza, Kihehe, Kibena, Kikinga, na Kiswahili kando yake. Mtoto wa miaka 3 hubeba lugha mbili bila shida. Anayeshindwa ni yule anayefika awali akakuta lugha ambayo hajawahi kuambiwa neno la upole kwayo.

Vituo hivi hufa, na hufa kwa sababu zilezile. Mlezi hulipwa miezi miwili, wa tatu halipwi, wa nne haji. Au kituo hugeuka shule: wazazi wanataka kuona daftari, mlezi anaandika a e i o u ubaoni, watoto wa miaka 3 wanakariri kwa fimbo, na nusu yao wanakimbia. Au kinawekwa katikati ya kijiji wakati mashamba yako kilomita 4 upande wa pili, kwa hiyo mama mwenye shida zaidi ndiye asiyekitumia. Kwenye vijiji vilivyotawanyika heri vituo viwili vya watoto 12 kuliko kimoja cha 25.

Malipo ya mlezi ndiyo kamba inayokatika, na zipo njia tatu za kuishikilia kwa pamoja: mchango wa mazao wa wazazi wakati wa mavuno, sehemu ya fungu la lishe, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake. Tumezoea kuikopesha kwa ufugaji wa kuku na saluni. Kikundi cha wanawake watano wanaoendesha kituo cha watoto karibu na mashamba ya chai au karakana za mbao, mahali ambapo akina mama wanapokea ujira na wanaweza kuchangia kila wiki, ni biashara inayorejesha mkopo. Vijijini kwa wakulima wadogo haitarejesha. Huko msiipeleke, mtawafilisi.

Usajili usisahaulike. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto visajiliwe, na maombi huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Afisa huyo apewe usafiri wa kuvikagua. Kituo kisichokaguliwa ni mahali pa kumficha mtu asiyestahili kukaa na watoto.

Nije kwa darasa la awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 ada ilipofutwa watoto walimiminika. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule nyingi za Serikali mwalimu mmoja ana zaidi ya 100, mara nyingine ndani ya chumba kimoja na darasa la kwanza. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unataka mtoto acheze, atumie kona za kujifunzia, aguse vitu. Kwa watoto 100 kona za kujifunzia hubaki michoro ya ukutani. Watoto wanakaa kwenye madawati ya darasa la tatu miguu ikining'inia, wanaitikia kwa pamoja.

Wakuu wa shule husema hawana walimu, na ni kweli. Lakini kuna maamuzi yasiyosubiri ajira mpya. La kwanza, mwalimu wa awali asiwe yule aliyeonekana hawezi darasa la saba, wala aliyebakiza miezi sita kustaafu. La pili, zamu mbili: watoto 50 saa 2 hadi saa 4:30, wengine 50 saa 4:30 hadi saa 7, uji ukiwa hapo katikati kwa wote. Mwalimu anachoka, ndiyo, hivyo asipewe vipindi vingine mchana. La tatu, vitongoji vya mbali vipewe vituo shikizi, yaani madarasa ya karibu na nyumbani yaliyo chini ya shule mama. Mtoto wa miaka 5 asitembee kilomita 3 akivuka mto mwezi Februari.

Kuna wimbi linakuja. Kwa sera ya elimu toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Kila shilingi ya ujenzi itavutwa kwenda sekondari. Katika mvutano huo, chumba cha awali ndicho cha kwanza kugeuzwa matumizi, kwa sababu mtoto wa miaka 5 haandamani wala hana matokeo ya mtihani yanayobandikwa mkoani. Vyumba vya awali vilivyojengwa kwa BOOST, mradi wa Serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, viwekewe azimio la baraza hili, kwenye muhtasari, kwamba havitabadilishwa matumizi bila kurudi hapa.

Uji wa shule nauacha kwenu kwa hesabu hii. Mtoto mmoja, gramu 50 za unga kwa siku, siku 194 za masomo: kilo 9.7 kwa mwaka. Darasa la watoto 60 ni kilo 582, pungufu kidogo ya magunia sita ya kilo 100. Mzazi mmoja ni kama nusu debe. Makosa yanafanyika kwenye tarehe hapa pia: kamati za shule huitisha mchango Januari, mahindi yakiwa ghali na ghala tupu, mzazi anashindwa, na kwa kuwa mchango hauwezi kulazimishwa, darasa zima linakosa. Uamuliwe kwenye mkutano wa kijiji wa Julai, ukusanywe Agosti mahindi yakiwa yamekauka vizuri, upimwe unyevu, uhifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa juu ya chaga, na kila gunia liandikwe darasa lake. Kaya maskini zinazonusuriwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na bibi wanaolea yatima zichangie kuni au siku moja ya kupika. Kijiji kisaidie mafuta na chumvi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, azimio ninaloomba leo ni moja tu la kuanzia. Kila kikao cha robo cha baraza hili, kabla ya taarifa ya barabara, kila mtendaji wa kata asome namba tatu: watoto wangapi wa chini ya miaka 5 wako katika kata, wangapi wamepimwa urefu robo hii, wangapi wamekutwa wamefupika kwa umri wao, kijiji kwa kijiji. Upimaji uwe na watu wawili kwa kila ubao, mmoja ashike miguu na mwingine kichwa; viatu na kofia vitolewe, misuko ya juu ifunguliwe; aliye chini ya miaka 2 apimwe amelala, zaidi ya hapo amesimama; mzani urudishwe sifuri kila baada ya mtoto. Mtendaji atakayesoma "hatujapima kwa kukosa ubao" ajibiwe hapohapo na Mkurugenzi ubao utafika lini. Robo ya pili inafungwa Desemba, na palizi inaanza Januari.